Tanbihi ya Arobaini na Saba

Mama Majoho alipoingia maktaba ya Shule ya Sheria saa saba mchana, joho jekundu mkononi na pini tatu zimechomekwa kwenye kola ya gauni lake, hakuja kutafuta haki. Alikuja kutafuta mahali pa kuweka joho. Ofisi ya Mkuu wa Shule ilikuwa imefungwa, watu wamekwenda kula, na fundi aliyetumia siku nne kwenye pindo la mkono hawezi kuiacha kazi yake kwenye benchi la korido wanafunzi waikalie.

"Niwekee hapa, mwanangu," alimwambia mkutubi. "Waambie wa ofisini, mzee anayestaafu alivae kwanza kabla ya siku yenyewe. Mabega yake yameanguka siku hizi, nimepunguza kidogo."

Mkutubi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano ambaye wanafunzi walimwita Bi Tanbihi. Jina alilipata kihalali. Aliwahi kumfuata profesa mpaka kwenye maegesho ya magari, akamgongea kioo, kumwambia kwamba tanbihi yake ya kumi na mbili ilitaja ukurasa wa themanini ilhali maneno yapo ukurasa wa themanini na moja. Wengine walimcheka, wengine walimkwepa, ila wote walijua kwamba kitabu kilichopita mikononi mwake kimepita.

Siku hiyo, Jumatatu, mezani kwake palikuwa na kurasa za kitabu kipya cha kumuenzi ambacho shule ilikuwa inamtolea profesa wake mkubwa kuliko wote, aliyestaafu mwaka ule. Walimwita Mzee wa Ushahidi, kwa kuwa ndiye aliyeandika kitabu cha sheria ya ushahidi kilichosomwa na kila wakili na kila hakimu nchini. Uzinduzi ulipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Kazi ya Bi Tanbihi ilikuwa kuhakiki marejeo yote, moja baada ya jingine, kisha kusaini fomu. Bila fomu hiyo mchapaji hakuruhusiwa kuwasha mashine. Alikuwa amefika tanbihi ya arobaini na saba.

Mama Majoho aliinama akaangalia kurasa zile, midomo ikimcheza.

"Kesi ya Cherehani," alisoma. "Cherehani ipi hiyo?"

Bi Tanbihi alifurahi kuulizwa. Watu wa maktaba hawaulizwi mengi zaidi ya choo kiko wapi. "Ah, mama, hiyo ni kesi maarufu sana. Mwaka wa kwanza wote wanaijua. Kulikuwa na fundi wa nguo, mwenye nyumba akataka kumtoa chumbani. Fundi akadai mwenye nyumba aliahidi mbele ya watu kwamba atakaa humo maadamu anashona. Sasa wakili wa mwenye nyumba akamuuliza: ahadi hiyo aliitoa mmekaa wapi? Asubuhi fundi akasema mlangoni. Mchana akaulizwa tena, akasema ndani. Basi wakili akamwambia hakimu, 'Mheshimiwa, huyu mama ahadi yake inatembea.' Mahakama nzima ikavunjika mbavu. Hakimu akaamua kwamba shahidi anayebadili maneno haaminiki. Fundi akashindwa."

Alicheka mwenyewe. Mzee wa Ushahidi ndivyo alivyoisimulia darasani, na kila mwaka darasa lilicheka palepale.

Mama Majoho hakucheka. Alichomoa pini moja kwenye kola, akaitazama, akairudisha.

"Huyo mwenye nyumba alikuwa na jino la dhahabu?"

"Vitabu vya sheria haviandiki meno, mama."

"Basi vimekosea kuanzia hapo. Fundi huyo ni mimi. Na kesi hiyo nilishinda."

Bi Tanbihi akatoa lile tabasamu ambalo watu waliosoma huwapa watu wanaowaheshimu lakini hawawaamini. "Labda ni kesi nyingine, mama."

"Nimeshtakiwa mara moja tu tangu nizaliwe, nitaichanganya na ipi?" Mama Majoho alilikunjua joho, akalilaza vizuri juu ya meza, juu ya tanbihi na vyote. "Haya, niambie wewe uliyesoma. Kama nilishindwa, pale ninaposhonea ni wapi?"

Akaondoka zake. Bi Tanbihi alibaki amesimama. Kisha akaenda dirishani.

Chumba cha Mama Majoho kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la Shule ya Sheria. Kilikuwa hapo tangu Bi Tanbihi anaanza kazi, na hapo ndipo kila mwanafunzi alipopeleka joho lake kufupishwa kabla ya mahafali. Cherehani ilikaa juu ya kizingiti chenyewe, nusu ndani, nusu nje, kwa sababu ndani kulikuwa na giza na nje kulikuwa na vumbi. Ukikaa kwenye kiti cha mteja uko chumbani. Ukinyoosha mguu uko mlangoni. Kwa miaka thelathini na moja wanasheria wa nchi nzima walikuwa wakivuka barabara ile, wanakaa kwenye kiti kile, wanapimwa urefu, kisha wanarudi darasani kufundishwa kwamba mama yule ni mwongo kwa kuwa mtu hawezi kuwa mlangoni na ndani kwa wakati mmoja.

Bi Tanbihi alishika kichwa.

Fomu ya uhakiki ilikuwa na safu nne. Ya kwanza: je, umeona chanzo kwa macho yako? Ya pili: je, ukurasa ni sahihi? Ya tatu: je, maneno yamenukuliwa yalivyo? Ya nne, iliyo ndogo kuliko zote: je, uamuzi huu ulikatiwa rufaa? Kwa Kesi ya Cherehani alikuwa amejaza safu ya nne mara nyingi, katika makala za majarida, katika tasnifu, katika vitabu. Alipitia nakala zake za zamani akahesabu. Mara kumi na moja ameandika "Hapana", na mara zote kumi na moja ushahidi wake ulikuwa ni sentensi moja ya kitabu cha Mzee wa Ushahidi: *Hapakuwa na rufaa.* Yeye aliyewafuata watu mpaka kwenye maegesho kwa ajili ya ukurasa mmoja alikuwa amesaini kitu ambacho hakukiona. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Kesho yake alichukua likizo ya dharura akaenda masjala ya Mahakama Kuu.

"Jalada la miaka thelathini na moja?" karani wa masjala alimtazama kama mtu aliyeomba kuonana na marehemu. "Dada yangu, humo ndani hata mende wamestaafu."

"Nionyeshe mlango tu. Mende nitasalimiana nao mwenyewe."

Siku ya kwanza hakupata kitu zaidi ya mafua. Siku ya pili karani, ambaye mwanzo alikaa kando akimcheka, alivua shati lake la ofisi akabaki na fulana, akaanza kumpokelea mabunda kutoka juu ya rafu, maana ubishi wa mtu mwingine nao una raha yake ukiukaribia. Siku ya tatu, Alhamisi, saa nne asubuhi, walilipata. Lilikuwa limebanwa nyuma ya kesi ya mpaka wa shamba, kamba yake imeoza.

Hukumu ya rufaa ilikuwa na kurasa tatu tu. Majaji wawili. Walieleza kwamba walifika mahali penyewe, wakakuta cherehani juu ya kizingiti, wakakaa kwenye kiti cha mteja kwa zamu. *Tumejiridhisha,* waliandika, *kwamba mtu aliyekaa hapo yumo ndani na yuko mlangoni. Mrufani hakubadili neno. Alisema kweli asubuhi, na alisema kweli mchana. Hukumu ya mahakama ya chini inatenguliwa. Asibughudhiwe.*

Bi Tanbihi alisoma neno lile la mwisho mara tatu. Kisha akafunua ukurasa wa nyuma, palipokuwa na hati ya kupokea nakala. Wakili wa mwenye nyumba alikuwa amesaini kwamba nakala ya hukumu ameipata mkononi. Saini ilikuwa na mkia mrefu unaorudi nyuma na kujikata katikati. Hakuhitaji kusoma jina chini yake. Saini hiyohiyo ilikuwa kwenye barua yake ya kuajiriwa, aliyoiweka kwenye fremu nyumbani, ukutani, juu ya televisheni.

Wakili aliyevunja watu mbavu mahakamani alikuwa Mzee wa Ushahidi mwenyewe, enzi za ujana wake. Alishinda, akakatiwa rufaa, akashindwa, akapokea karatasi ya kushindwa kwake kwa mkono wake. Halafu akaenda kuandika kitabu.

Karani aligonga mihuri kwenye nakala mbili. "Ni ndugu yako huyo mama?" aliuliza.

"Hapana. Hunishonea."

Mchana uleule Bi Tanbihi alikuwa ofisini kwa Mkuu wa Shule. Mkuu alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwanafunzi wa Mzee wa Ushahidi, na alipomaliza kusoma kurasa tatu alizigeuza zikalala kifudifudi.

"Nani mwingine ameziona?"

"Karani wa masjala. Na majaji wawili, Mungu awarehemu."

"Dada, naomba tuzungumze kama watu wazima. Unajua nani anakuja Ijumaa ijayo? Makamu Mkuu wa Chuo anakuja. Majaji wanakuja, nusu yao wamefundishwa na mzee. Unataka tumvue mzee nguo mbele ya watu wote hao?"

"Sitaki kumvua mtu. Nataka mama wa ng'ambo arudishiwe ushindi wake."

Mkuu alipangusa uso. "Sawa. Saini kitabu kitoke. Toleo la pili tutasahihisha, nakuahidi."

"Kitabu cha mzee kimetoka matoleo manane, Mkuu. Niambie ni lipi lililosahihisha."

"Basi iwe tanbihi moja! Moja kati ya mia tatu! Kwa nini unakaza kamba hivyo?"

"Kwa sababu ndiyo hiyo niliyoulizwa," alisema Bi Tanbihi. "Fomu haiulizi kama nyingine mia tatu ni nzuri."

Hapo Mkuu aliacha lugha ya dada. Alimkumbusha, polepole, akipanga kalamu zake mezani, kwamba mwezi ujao kamati ingekaa kuamua kama mkataba wake wa ukuu wa maktaba uendelee. Alimkumbusha kwamba wapo wakutubi vijana wenye shahada mbili. Bi Tanbihi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua kamati inakaa lini," alisema. "Mwaliko nimeuchapa mimi. Lakini fomu haisainiwi kwa niaba. Kanuni inasema mkutubi mkuu mwenyewe, kwa mkono wake. Mpaka mwezi ujao mkono ni huu." Akauinua, akatoka.

Alivuka barabara moja kwa moja. Mama Majoho alikuwa anashona, mguu juu ya pedali, na Bi Tanbihi akakaa kwenye kiti cha mteja, ndani na mlangoni, akampa nakala.

"Yangu ilinyeshewa," alisema Mama Majoho. "Bati lilitoboka mwaka ule wa mvua kubwa." Alisoma taratibu, kidole kikitembea chini ya mistari. Alipofika *asibughudhiwe* alilirudia neno hilo kwa sauti. Alipofika ukurasa wa nyuma, kwenye saini yenye mkia, aliinua macho. "Ile hadithi ya ahadi inayotembea. Nani huwa anaisimulia darasani?"

"Mzee mwenyewe. Kila mwaka."

"Kila mwaka." Mama Majoho aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye droo ya cherehani pamoja na chaki na sindano. "Ijumaa ijayo ndiyo namvisha joho, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Vizuri," alisema, akakanyaga pedali.

Nyumbani jioni hiyo mume wa Bi Tanbihi, fundi wa mafriji, alimsikiliza huku sahani yake ikipoa.

"Wakikufukuza?"

"Utanifundisha mafriji."

"Wewe? Utataka kila boliti lieleze limetoka wapi. Wateja watakimbia." Kisha akaacha utani. Alitazama barua iliyo kwenye fremu juu ya televisheni, akamtazama mkewe. "Ulisaini mara ngapi vile?"

"Kumi na moja."

"Basi usiongeze, mke wangu."

Ijumaa alifika maktaba kabla ya mtu yeyote. Maktaba ya sheria ina kazi moja ya kizamani ambayo hakuna anayeishukuru: uamuzi ukitenguliwa, mkutubi hubandika karatasi ndogo pembeni mwa ukurasa, ili msomaji asijenge nyumba juu ya ukuta uliokwisha kuanguka. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mtu. Bi Tanbihi alishusha rafuni nakala zote arobaini na tatu za kitabu cha ushahidi, akachukua gundi, akabandika. *Uamuzi huu ulitenguliwa na Mahakama Kuu. Fundi alisema kweli.* Sentensi ya pili haimo katika taratibu za kazi. Aliibandika mara arobaini na tatu.

Jumatatu, Mzee wa Ushahidi akaja mwenyewe.

Alikuja peke yake, na fimbo, suti yake ya kijivu imenyooka. Wanafunzi walisimama meza kwa meza alipopita. Alikwenda rafuni, akatoa kitabu chake, akakifungua pasipo kutafuta, maana ukurasa aliujua. Alisoma kile kikaratasi. Kisha akaja kuketi mbele ya meza ya mkutubi.

"Gundi gani umetumia?" aliuliza.

"Isiyobanduka."

Alitikisa kichwa, karibu atabasamu. "Ilikuwa kesi yangu ya kwanza. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, nina tai moja. Siku ile hakimu alivyocheka, nilijiona nimekuwa mtu. Hukumu ya rufaa ilipokuja niliiweka kwenye droo. Nikasema nitaiweka kitabuni nikimaliza sura. Sura ikaisha. Ikaja ya pili." Alishika fimbo yake vizuri. "Halafu kanuni yenyewe ni nzuri, unajua. Shahidi anayejipinga asiaminiwe. Nani anaikataa?"

"Mimi siikatai, Profesa. Ila huyu mama hakujipinga. Kanuni yako inasimama juu ya mgongo wa mtu asiyehusika."

"Nilikuajiri mimi. Ulikuja hapa na cheti kimoja na viatu vya kuazima. Wengine kwenye kamati walikataa."

"Najua." Alimpenda mzee huyu, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Sijasahau hata siku moja."

"Na fomu ile niliibuni mimi. Safu zote nne."

"Ndiyo maana siwezi kuichezea."

Mzee alisimama kwa fimbo yake. Mlangoni aligeuka, macho makali, na kwa mara ya kwanza alionekana kama yule kijana wa mahakamani. "Utanifanyia hivi siku yangu?"

"Umemfanyia yeye siku zake zote," alisema Bi Tanbihi.

Alimwona akivuka bustani polepole, na alilia kidogo nyuma ya rafu za majarida ya kigeni, mahali ambapo hakuna anayefika. Kisha akanawa uso akarudi mezani. Fomu ilikuwa palepale, nyeupe.

Ijumaa ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Kitabu hakikuwapo, kwa kuwa mchapaji alikataa katakata kuwasha mashine bila fomu. Mkuu wa Shule, mtu wa kufa na tai shingoni, alichukua boksi la karatasi za kuchapia, akalizungushia jalada la mfano, akalifunga utepe wa dhahabu, akaliweka juu ya meza ya mbele. Majaji walikuja mmoja mmoja wakalitazama kwa heshima. Bi Tanbihi hakualikwa jukwaani, ila hakufukuzwa pia, kwa hiyo alikwenda nyuma ya ukumbi, kwenye chumba kidogo cha kuvalia, fomu ikiwa ndani ya bahasha kwapani.

Mama Majoho alikuwa amekwisha kumvisha mzee joho na amepiga magoti, pini mdomoni, akilinganisha pindo. Mzee alisimama wima mbele ya kioo. Kwenye spika ya ukumbi mshereheshaji alikuwa anasoma orodha ya shahada zake.

"Limekukaa," alisema Mama Majoho, akitoa pini mdomoni. "Mabega nimeyapata."

"Huwa unayapata, mama."

"Nakushonea tangu lini sasa, Profesa?"

"Mh. Miaka ishirini na kitu."

"Ishirini na tisa. Siku ya kwanza ulileta suruali nyeusi, zipu imekufa. Nilikutambua kabla hujavuka barabara." Alisema bila kupandisha sauti, mikono ikiendelea na pindo. "Nikasema moyoni, yule wakili huyu. Nikaona unaona haya, hunitazami usoni. Nikajua ni ile kesi. Mtu ameshindwa, anaona haya, kwa nini nimcheke? Nikakutilia zipu mpya. Miaka ishirini na tisa sijakutajia neno, nisije nikakuumiza. Nilidhani tumemaliza."

Kwenye kioo uso wa mzee ulikuwa umebadilika rangi.

"Kumbe huku ng'ambo unawachekesha watoto wa watu," alisema Mama Majoho. "Wanakuja kwangu niwapime, wametoka kunicheka."

Aliinuka. Magoti yalilia. Akafungua kifungo cha shingoni, kisha cha pili, akalivua joho lote mabegani mwa mzee taratibu, jinsi mtu anavyomvua mtoto nguo ya shule, akalikunja juu ya mkono wake.

"Mama," alisema mzee. "Wananiita."

Kweli walikuwa wanamwita. Makofi yalikuwa yameanza.

"Nenda basi. Si kuongea tu? Hukuongea na joho siku ile."

Mzee alimtazama Bi Tanbihi. Bi Tanbihi alisogea akampisha njia ya kwenda jukwaani.

Walimfuata hadi pembeni mwa pazia. Mzee wa Ushahidi alitokea mbele ya majoho mia tatu akiwa na shati jeupe na tai, na ukumbi ulicheka kwa mapenzi, wakidhani ni moja ya vituko vyake. Alingoja wamalize.

"Joho langu liko kwa fundi," alisema. "Amelizuia. Ana haki." Wakacheka tena. "Wengi wenu niliwafundisha Kesi ya Cherehani. Kesi ile ilikatiwa rufaa. Nilishindwa."

Kicheko kilikatika. Mkuu wa Shule aliinuka nusu, akaketi. Mzee akageuka upande wa pazia, akalitazama joho lililokuwa juu ya mkono wa Mama Majoho.

Mama Majoho alitikisa kichwa. Bado.

Mzee alirudi kwenye kipaza sauti. Alikohoa. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyethubutu kusogeza kiti.

"Mama yule hakusema uongo," alisema. "Alisema kweli asubuhi, akasema kweli mchana. Hukumu niliipokea kwa mkono wangu, nikaandika kwamba hapakuwa na rufaa. Aliyebadili maneno katika kesi ile ni mimi. Yuko hapa, nyuma ya pazia hili. Ananishonea."

Nyuma kabisa ya ukumbi mwanafunzi mmoja alikuwa ameanza kuandika, kisha mwingine, kisha safu nzima. Bi Tanbihi alihisi machozi yanakuja akayaacha yaje. Mama Majoho alimgusa kiwiko.

"Haya, mwanangu. Kasema. Saini sasa uokoe kazi yako."

Bi Tanbihi alitoa fomu kwenye bahasha. Alitoa na kalamu, akaifungua kifuniko, akaitazama safu ya nne. Kisha akaifunga kalamu.

"Kwanza wabadilishe ukurasa," alisema.

Mama Majoho alimtazama, akaangua kicheko ambacho safu tatu za mbele zilikisikia. "Kumbe wewe ni wa kwetu! Basi na joho nalo lisubiri ukurasa."

Akatoka kwa mlango wa nyuma, joho jekundu mkononi, akalipita geti, akavuka barabara. Alilitundika kwenye msumari juu ya cherehani, nusu ndani, nusu nje, mbele ya macho ya kila anayeingia Shule ya Sheria, na pale lilikaa siku kumi na moja, mpaka ukurasa ulipobadilishwa, ndani ya chumba alichoshinda.